Maisha ya Charles Alfred Anderson: Alikosa Mwalimu, Akawa Mwalimu



Katika ukurasa huu wa watu wenye kujulikana, leo tunawaletea maisha ya rubani Mweusi wa Marekani, Charles Alfred Anderson. Wanafunzi wake walimwita Chief, ni kusema mkubwa, sawa vile sisi tunavyosema shefu. Alikufa mwaka 1996, wakati wengi wetu hatujazaliwa.

Tumemchagua kwa sababu moja. Sisi wa mwaka wa sita tunangojea Mtihani wa Serikali, na kila jioni bwenini swali ni lile lile: kiisha diploma, nani atanilipia chuo kikuu? Na kama mlango umefungwa, nitafanya nini? Anderson alikutana na mlango uliofungwa kabisa. Tutazame namna alivyoufungua, na zaidi tutazame alichofanya kiisha kuingia.

1. Utoto wake

Anderson alizaliwa tarehe 9 Februari 1907 katika Bryn Mawr, mji mdogo karibu na Philadelphia, jimbo la Pennsylvania. Wakati ule ndege ilikuwa kitu kipya sana duniani. Ndugu wawili Wright walikuwa wameruka mara ya kwanza mwaka 1903 tu, miaka minne hata haijatimia.

Sehemu ya utoto wake alikaa kwa bibi yake huko Staunton, jimbo la Virginia. Alikuwa mtoto wa kutoroka nyumbani ili kutafuta ndege. Akisikia tu habari ya ndege upande fulani, miguu inaanza kumwasha. Bibi alichoka naye. Lakini ile tamaa haikutoka katika kichwa chake, hata alipokuwa kijana.

2. Mlango uliofungwa

Katika miaka ile, Wazungu na Weusi wa Marekani hawakusoma pamoja katika mahali pengi. Shule za kurusha ndege hazikumpokea Anderson, si kwa sababu ya akili, wala ya afya, wala ya feza, lakini kwa shauri la rangi ya ngozi. Basi akafanya nini? Alijifunza yale aliyoweza kujifunza akiwa chini: mashini ya ndege, namna inavyotengenezwa, namna mabawa yanavyoshikwa na upepo. Alizunguka katika viwanja vya ndege, akasikiliza marubani wanapozungumza, akaokota neno hapa na neno pale.

Lakini hakuna mtu anayeweza kujifunza kurusha ndege kwa masikio tu. Sharti mikono yake ishike usukani. Mwaka 1929, akiwa na miaka 22, alikopa dola 2,500 kwa marafiki na watu wa jamaa yake, akanunua ndege ndogo iliyokwisha kutumiwa, aina ya Velie Monocoupe. Mnaona ajabu hii: kijana ana ndege yake, ana deni lake, lakini hana mtu wa kumfundisha!

Alipata njia kwa ujanja mzuri. Rubani mmoja Mzungu, Russell Thaw, alitaka kwenda mara kwa mara Atlantic City kumwona mama yake, naye hakuwa na ndege. Wakapatana: Thaw atumie ndege ya Anderson, na Anderson akae pembeni yake njiani. Kule pembeni alitazama kila kitu: mkono unafanya nini wakati wa kupaa, mguu unafanya nini wakati wa kushuka. Mwezi wa Agosti 1929 alipata permi yake ya kwanza, ile ya rubani wa binafsi.

Tueleze kidogo permi hii, kwa maana itarudi mbele. Mwenye nayo anaweza kurusha ndege na kubeba rafiki zake, lakini hana ruhusa ya kulipwa kwa kazi hiyo. Ni mlango wa kwanza. Anayetaka kuishi kwa kazi ya ndege sharti apite mitihani mingine mikubwa zaidi.

3. Permi kubwa ya 1932

Katika mtihani huo mkubwa alisaidiwa na mgeni. Ernst Buehl alikuwa rubani Mjerumani aliyehamia Marekani. Alikubali kumfundisha Anderson, na mkaguzi wa serikali alipoonyesha kwamba hapendi kumpa Mweusi mtihani, Buehl alisimama upande wa mwanafunzi wake mpaka akapimwa sawa wengine. Mwezi wa Februari 1932 Anderson akapata permi ya juu ya rubani wa usafiri. Yeye ndiye Mweusi wa kwanza wa Marekani kuipata. Katika mwaka ule ule alioa Gertrude Nelson, msichana aliyemjua tangu utoto.

4. Safari pamoja na Daktari Forsythe

Kiisha akapata mwenzake, Daktari Albert Forsythe, mganga Mweusi aliyezaliwa Bahamas, aliyefanya kazi Atlantic City. Forsythe alitaka kuonyesha watu wote kwamba Weusi wanaweza kurusha ndege mbali sawa na mtu ye yote. Julai 1933 wote wawili walitoka Atlantic City, pwani ya mashariki, wakavuka Marekani nzima mpaka Los Angeles, halafu wakarudi. Marubani Weusi walikuwa hawajafanya safari ya kwenda na kurudi namna ile. Walienda bila redio, bila parashuti, bila taa za kushukia usiku. Ramani yao ilikuwa ile ya barabara za magari!

Mwaka 1934 walitoka tena na ndege ingine, waliyoipa jina la Booker T. Washington, mwanzilishi wa shule ya Tuskegee. Walienda visiwa vya bahari ya Karibi. Nassau, katika Bahamas, hapakuwa na kiwanja cha ndege za nchi kavu. Walishuka usiku juu ya barabara ya udongo. Walipita Kuba, Jamaika, Haiti na visiwa vingine, mpaka ndege ikaharibika huko Trinidad na safari ikaishia pale.

Mtu angeweza kusema, basi, maisha yake yametimia. Jina limeandikwa katika magazeti. Lakini kama hadithi ingeishia hapa, tungekuwa na mtu mmoja tu aliyeruka. Sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa bado.

5. Permi ndani ya chuo kikuu

Mwaka 1939, vita ikikaribia, serikali ya Marekani ilifanya mpango wa kufundisha raia kurusha ndege ndani ya vyuo vikuu. Mpango ulikuwa hivi. Chuo kinafundisha masomo ya darasani saa 72: hali ya hewa, kusoma ramani na kushika njia, sheria za anga, namna ndege inavyoruka, mashini yake. Halafu mwanafunzi anaruka saa 35 mpaka 50 na mwalimu wa kiwanja kilicho karibu. Kwanza anaruka pamoja na mwalimu, na usukani uko mbili, ili mwalimu aweze kumwokoa akikosea. Siku mwalimu anapoona ameweza, anashuka chini na kumwacha aruke peke yake. Mwishoni kuna mtihani, na anayefaulu anapewa ile permi ya binafsi. Serikali ililipa karibu yote. Mwanafunzi alitoa kidogo tu kwa bima na kwa kupimwa na daktari. Wasichana nao walipokelewa mwanzoni, mmoja kwa kila wanafunzi kumi. Mpaka mpango ulipokwisha mwaka 1944, watu zaidi ya 400,000 walikuwa wamefundishwa.

Linganisheni sasa. Anderson alikopa dola 2,500 na kuokota masomo pembeni ya rubani mwingine. Miaka kumi tu baadaye, kitu kile kile kilikuwa na kitabu, saa zake, mwalimu wake na mtihani wake. Vyuo sita vya Weusi viliingia katika mpango: Tuskegee, Howard, Hampton, West Virginia State, Delaware State na North Carolina A&T.

Anderson alifundisha kwanza kwa ajili ya Howard, mji wa Washington. Mwaka 1940 Tuskegee, katika jimbo la Alabama, ilimwita awe mkubwa wa waalimu wa kurusha ndege. Toka hapo jina la Chief likamshika mpaka kufa. Mwanzoni wanafunzi wa Tuskegee walisafirishwa mpaka Montgomery, karibu kilomita 65, ili kuruka. Kiisha chuo kilitengeneza kiwanja kidogo cha karibu, na kazi ikaendelea nyumbani.

Ndege yao ilikuwa Piper Cub, ndege nyepesi ya viti viwili, kimoja mbele na kingine nyuma. Haikuwa na kifunguo cha kuwashia mashini: mtu mmoja anasimama mbele na kuzungusha panga kwa mikono. Sisi tulio upande wa mashariki ya Kongo, wengi wetu tunajua ndege ndogo za misioni, sawa za MAF, zinazoshuka juu ya nyasi kuleta mgonjwa na dawa. Lakini Cub ilikuwa ndogo kupita hizo.

6. Mke wa Rais ndani ya ndege

Tarehe 29 Machi 1941 Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alitembelea Tuskegee. Alitaka kujua kama Weusi wanaweza kweli kurusha ndege, akaomba kupanda na Anderson. Walinzi wake walikataa, wakaogopa sana. Mama hakuwasikiliza. Alipanda, wakaruka karibu dakika 40, akashuka mzima na mwenye furaha. Picha yao wawili ndani ya ndege ikaenea katika nchi.

Watu wengine wanaeleza kwamba safari hiyo ndiyo iliyofanya jeshi kuwapokea marubani Weusi. Si hivyo. Jeshi lilikuwa limetangaza kikosi chao mwezi wa Januari, nacho kilianzishwa tarehe 22 Machi, juma moja mbele ya safari ile. Lakini ziara yake ilisaidia jambo lingine. Mama Roosevelt alikuwa katika baraza la mfuko wa Rosenwald, na mfuko huo ulikopesha chuo dola 175,000 kujenga kiwanja kikubwa zaidi, Moton Field, kwa jina la mkubwa wa pili wa Tuskegee. Aliyesimamia ujenzi alikuwa Mweusi, Archie Alexander.

7. Vita na baadaye

Pale Moton Field Anderson na wenzake waliwapa askari vijana masomo ya kwanza ya kuruka; waliofaulu waliendelea katika kiwanja cha jeshi. Masomo yalikuwa magumu. Katika darasa la kwanza waliingia 13, na tarehe 7 Machi 1942 walimaliza watano tu. Mmoja wao, Benjamin Davis, alikuwa jenerali baadaye. Daniel James, aliyepata masomo ya ndege pale Tuskegee akiwa mwanafunzi wa chuo, alikuwa mwaka 1975 Mweusi wa kwanza wa Marekani mwenye nyota nne. Kati ya 1941 na 1946 karibu marubani 1,000 walitoka Tuskegee. Kazi yao vitani ilisaidia kuonyesha kwamba ubaguzi jeshini hauna maana, na mwaka 1948 Rais Truman akatoa amri ya kuumaliza.

Anderson mwenyewe hakwenda vitani. Kazi yake ilikuwa kufundisha. Vita ilipokwisha na askari wakatawanyika, yeye alibaki pale pale Moton Field, akaendelea kufundisha watu wa kawaida, Weusi na Wazungu, miaka mingi. Mwaka 1967 alisaidia kuanzisha chama cha marubani Weusi. Alikufa Tuskegee tarehe 13 Aprili 1996, akiwa na miaka 89. Mwaka 2014 posta ya Marekani ilitoa tembre yenye sura yake.

8. Tunaona nini hapa?

Wengi watasifu bidii yake, na ni haki. Lakini bidii peke yake ilitoa rubani mmoja. Aliyefaidika na dola zile 2,500 alikuwa Anderson tu. Elimu yake ilipoingia katika chuo, na saa za masomo na mtihani, ndipo ilipotoa mamia. Mtoto wa maskini wa Alabama hakuhitaji tena kununua ndege ili aone mkono wa rubani unafanya nini.

Tena tuone kwamba hata yeye hakupita peke yake. Jamaa walimkopesha, Thaw alimpa nafasi, Buehl alimsimamia. Aliyoyapokea kwa watu watatu ao wanne, aliyagawa kwa watu wengi.

Ndugu zetu wa madarasa ya chini wanatutazama. Sisi wa mwaka wa sita tuna madaftari ya hesabu, ya fizikia, ya Kifaransa, tuliyoyapata kwa usingizi mfupi na minervali ya wazazi. Siku ya kufunga masanduku, mengine yatachomwa, mengine yatafungiwa sukari sokoni. Tunaomba kila mmalizaji, mbele ya kuondoka, amtafute mdogo mmoja amwachie daftari zuri, na jioni moja akae naye, amwonyeshe namna ya kulisoma.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita