Louis Boutan, jamaa aliyezama baharini na kamera

Wewe ukitaka picha unatoa simu, unabofya, unaendelea na mambo yako. Sasa hebu fikiria kukaa chini ya bahari hadi nusu saa, kichwani kofia ya chuma ya wapiga mbizi, unangoja picha moja tu iingie.

Huyo ndiye Louis Boutan, Mfaransa aliyezaliwa 1859. Alikuwa mtaalamu wa viumbe vya baharini katika maabara ya Banyuls-sur-Mer, kusini mwa Ufaransa. Enzi hizo, ukitaka kujua kilichoko chini, ulikokota wavu kisha ukachambua ulichonasa. Viumbe ulipata, ndiyo, lakini makao yao ulikuwa umeshayavuruga. Boutan akaona heri ashuke awatazame kwao.

Mwaka 1893, ndugu yake Auguste, injinia, alimuundia kisanduku cha kamera kisichoingiza maji. Kumbuka, 1856 kuna Mwingereza aliyeshusha kamera baharini, ila yeye mwenyewe alibaki mashuani. Boutan alizama nayo.

Shida ikawa mwanga. Walijaribu kuchoma magnesiamu ndani ya chupa yenye oksijeni, lakini chupa zikawa zinapasuka. Wakaja na taa ya spiriti juu ya pipa la hewa, unga wa magnesiamu ukipulizwa kwenye moto. Mzigo si mchezo! Lakini hakuachia hapo. Kufikia 1899 alikuwa anashusha kamera na taa za umeme hadi mita 50, yeye akiwa juu mashuani. Mwaka 1900 akatoa kitabu kuhusu upigaji picha chini ya maji. Alifariki 1934.

Kwani hii inakuhusu nini? Angalia pwani ya Atlantiki ya Marekani. Watafiti huko huvuta kamera iitwayo HabCam nyuma ya meli, ikipiga picha za sakafu ya bahari. Wanahesabu skalopu, ndugu zake chaza, na kuona kama wanaishi kwenye mchanga au changarawe. Hesabu hiyo huwasaidia wasimamizi kuamua ni eneo gani lifungwe ili wadogo wakue, na ni lipi wavuvi waruhusiwe kuvua. Wakikosea, wavuvi wanakosa riziki au skalopu wanaisha.

Kwa hivyo siku ukisikia watu wakibishana kama samaki wamebaki au wameisha, uliza swali la Boutan: ni nani ameshuka kuangalia?