Kakira wa Gisaka

Ubao wa imigongo niliotundika chumbani kwangu Buyenzi umeniletea ugomvi. Sanaa hii ni ya Kakira, mwana wa Kimenyi, mfalme wa Gisaka, mashariki ya Rwanda. Husimuliwa kwamba yapata miaka 200 iliyopita alitaka kupamba nyumba yake. Akachanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, akainua ukutani mistari ya pembe na miraba, akaipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hakuchora mtu wala mnyama. Wanawake wakairithi, mauaji ya 1994 nusura yaizime, wanawake wa Kirehe wakaifufua. Mwenzangu, Mshafii, hataswali karibu nayo: najisi. Namjibu kwamba kwa Wamaliki kinyesi cha mnyama aliwaye ni tohara. Bado tunabishana.