Urwa bin Zubeir na Misiba Miwili ya Safari Moja

  

Katika darsa yetu ya hapa Kapsoya, baada ya sala ya Magharibi, ndugu mmoja alituuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule kwa maneno mawili. Mkewe alikuwa amelazwa katika hospitali ya rufaa hapa Eldoret akingoja kupasuliwa. Mama yake mzazi yu kitandani nyumbani, nusu ya mwili imepooza. Na katika wiki hiyo hiyo mtoto wake mdogo akashikwa na kichomi, maradhi ambayo kwa baridi ya huku kwetu si ya kuchezewa. Majirani wakabisha hodi, huyu na sufuria ya chakula, huyu na fedha kidogo, naye akawarudisha mlangoni kwa haya. Alitaka kujua kama mwenye kumtegemea Mola wake kikweli huwa na haja tena ya watu, au kupokea msaada wao ni dalili ya upungufu wa imani.

Tumeona jawabu bora ni kumsimulia, yeye na wasomaji wetu wote, maisha ya mtu ambaye maulamaa wakitaja subira humtaja yeye. Nasi tunaona kuwa wasimulizi wengi husimulia nusu ya khabari yake tu.

Urwa alizaliwa Madina karibu na mwaka 23 wa Hijra (644). Baba yake ni Zubeir bin Awwam, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Mama yake ni Bibi Asma binti Abubakar Siddiq. Na mama yake mdogo ni Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu awawie radhi wote. Nyumba bora kuliko hiyo ni shida kuipata, lakini haikuwa nyumba ya raha. Mwaka 36 (656) baba yake aliuawa katika fitina ya Vita vya Ngamia, na Urwa alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, ambaye jeshini alirudishwa kwa udogo wake. Akarudi kwenye elimu. Alikaa kwa mama yake mdogo Bibi Aisha, akazihifadhi hadithi zake hata ikawa, miaka kadhaa kabla ya kufa kwake mwaka 58 (678), Urwa hana hofu ya kupotea hadithi yoyote iliyokuwa kifuani mwake. Akawa mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Vitabu vyake vya fikihi alivichoma moto siku ya Harra, mwaka 63 (683), kisha akaishi akivijutia, akitamani lau angebaki navyo badala ya mali yake. Mwaka 73 (692) ndugu yake Abdullahi aliuawa Makka na jeshi la Hajjaj, na siku chache baadaye akafa mama yao Bibi Asma, ajuza kipofu wa karibu miaka mia.

Mambo mawili ya ada yake ni lazima tuyataje, kwa kuwa yatatufaa mbele. La kwanza, alikuwa akisoma robo ya Kurani kila siku kwa kutazama msahafu, kisha akisimama nayo usiku katika sala. La pili, alikuwa na shamba la mitende, na tende zikiiva huubomoa upande wa ukuta ili watu waingie wale na wachukue. Wenye shamba wengi wakati wa mavuno huongeza miba juu ya ukuta, yeye aliubomoa.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Katika ukhalifa wa Al-Walid bin Abdulmalik, ulioanza mwaka 86 (705), Urwa alitoka Madina kwenda Sham kumzuru khalifa, pamoja na baadhi ya wanawe. Na msomaji akumbuke Al-Walid ni nani: baba yake ndiye aliyempeleka Hajjaj kumpiga vita Abdullahi bin Zubeir. Walipofika Wadil Qura, kidonda kikamtoka Urwa mguuni. Kikawa donda ndugu, likawa linakula nyama na kupanda juu kila siku, na alipofika Dameski hali yake ilikuwa mbaya. Khalifa akamkusanyia matabibu. Wakautazama mguu, wakakubaliana kwamba usipokatwa maradhi yatapanda hadi yauharibu mwili mzima.

Hapa tusimame kidogo. Urwa ni mwanachuoni wa Madina, mjukuu wa Abubakar, naye hakusema kwamba Mungu akitaka atapona bila ya tabibu. Hakutafuta mtu wa kumpungia, wala kumuandikia hirizi ya kufunga mguuni, wala hakuuliza ni jirani gani aliyemfanyia hasadi. Aliwasikiliza wenye ujuzi wa kazi yao, akakubali wakate. Wangapi katika sisi hukaa na mgonjwa nyumbani miezi mitatu, wakihama kutoka kwa mganga huyu kwenda kwa yule, na siku wanapomfikisha hospitali madaktari hawana tena la kufanya? Kisha tunaita hayo tawakkul.

Matabibu wakampa kinywaji cha kumlevya asihisi maumivu. Akakataa, kwa kuwa hakupenda akili yake iondoke akawa hamtaji Mola wake. Lakini asije mtu akatumia khabari hii kukataa nusukaputi ya daktari. Maulamaa, na miongoni mwao Imamu Nawawi, wameruhusu dawa ya kuondoa hisi kwa ajili ya kukata kiungo kilichoharibika. Cheo cha Urwa ni cha Urwa. Wakaukata mguu kwa kisu, walipofika mfupani wakashika msumeno, naye anamtaja Mwenyezi Mungu. Wakaleta mafuta yanayochemka ili kuzuia damu, na yalipomgusa alizimia. Alipozindukana, huku akijipangusa jasho usoni, aliuomba mguu wake, akaugeuza mkononi, akamshuhudisha Yule aliyembeba juu yake kwamba hakuuendea maasi. Kisha akaamuru uoshwe, ukafiniwe, uzikwe katika makaburi ya Waislamu. Usiku ule peke yake ndio uliompita bila ya wirdi yake. Usiku uliofuata aliendelea nayo.

Na kabla kidonda hakijakauka, mwanawe Muhammad, aliyempenda kuliko wengine, aliingia katika zizi la wanyama wa khalifa, wanyama wakampiga mateke hata akafa. Baba amelala hawezi kusimama, na mwana ameletwa maiti. Urwa alihesabu. Alikuwa na wana saba, Mwenyezi Mungu kachukua mmoja kamwachia sita. Alikuwa na viungo vinne, kachukua kimoja kamwachia vitatu. Akamshukuru kwa alivyoviacha kabla ya kuzungumza juu ya alivyovichukua.

Wasimulizi wetu wengi huishia hapo, nasi ndipo tunapotaka kuendelea. Kwani Urwa hakuwa peke yake. Siku hizo alifika kwa Al-Walid mtu mmoja kipofu wa kabila la Abs. Mtu huyo alikuwa tajiri, mwenye watoto na ngamia. Usiku mmoja mafuriko yakachukua wote, asibakie ila mtoto mchanga na ngamia mmoja. Ngamia akakimbia, baba akamuweka mtoto chini ili amkamate. Mara akasikia kilio, akageuka, akaona mbwa mwitu kesha mla mtoto. Na alipomfikia ngamia akapigwa teke la uso, macho yakapotea. Khalifa akaamuru apelekwe kwa Urwa. Hakupelekwa na mawaidha. Alipelekwa yeye mwenyewe, aketi naye. Na huyo Al-Walid, ambaye baina ya nyumba yake na nyumba ya Zubeir mna damu, ndiye aliyegharimia matabibu na kumtunza mgonjwa. Urwa hakuukataa wema kwa sababu ya mlango uliotokea.

Aliporudi Madina bila ya mguu na bila ya mwana, watu walimjia makundi makundi. Miongoni mwao alikuwa Isa bin Talha. Baba wa Isa, Talha bin Ubeidillah, naye aliuawa katika Vita vile vile vya Ngamia. Watoto hawa wawili walikuwa mayatima wa msiba mmoja. Urwa akamwambia mmoja wa wanawe aufunue mguu ili ami yake autazame. Isa akautazama, asilie wala asitoe hotuba. Akamkumbusha kwamba wao hawakumweka kwa ajili ya mieleka wala mbio. Walichokuwa wakikihitaji kwake ni akili yake na elimu yake, na Mwenyezi Mungu amewabakishia. Urwa alikiri kwamba hakuna aliyempoza moyo kama Isa.

Basi angalia, ewe ndugu uliyetuuliza. Huyu ndiye mtu aliyestahimili msumeno bila ya kinywaji, naye alitaka jeraha lake lifunuliwe mbele ya rafiki. Hakumlalamikia Isa juu ya Mola wake, lakini hakumfungia mlango. Kulalamika ni kitu kimoja, na kukubali kutazamwa ni kitu kingine; wewe umevichanganya. Na ule ukuta wa shamba uliobomolewa kila mwaka wakati wa tende, hukudhani kuwa waliokula humo ndio hao waliokuja makundi makundi?

Na kwa wanaozuru pia tuna neno. Wapo wanaoingia wodini kuuliza ugonjwa ulianzaje na nani alishukiwa, wakakaa hata mgonjwa akachoka, wakatoka na khabari ya kusimulia barazani. Wengine hufika nyumbani kwa mwenye shida wakangoja chai, na mwenye nyumba hana aliyemwachia mtoto. Isa alisema maneno machache, na kila neno lilikuwa la kumfaa mgonjwa.

Urwa aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alikaa Akiki, nje ya Madina, ambako kisima alichokichimba kilijulikana kwa jina lake. Alifariki mwaka 94 (713) hali ya kuwa amefunga, katika mwaka walioutaja kuwa mwaka wa mafakihi kwa wingi wa wanavyuoni waliokufa. Mwanawe Hisham aliichukua elimu yake hata alipofariki Baghdad mwaka 146 (763), na hadithi nyingi za Bibi Aisha zilizomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim zimetufikia kwa njia ya Hisham kutoka kwa baba yake.

Ndugu yetu mkewe amekwisha pasuliwa, bado yumo wodini. Wenye kutaka kumzuru tutakutana mlangoni mwa msikiti Jumapili baada ya Alasiri, watu wanne tu kwa mara moja. Wanawake wawili wa darsa wameshika zamu kwa yule mama mzee asubuhi. Zamu ya jioni haijapata mtu.