Makhan Singh: Kalasinga Aliyefungiwa Miaka 11 Akitetea Mfanyakazi, na Familia Iliyobaki na Mzigo

Kila tarehe 1 Mei unaamka saa nne, unapiga chai polepole, unashukuru Mungu ni holide. Jioni unaangalia taarifa kuona kama mshahara wa chini umeongezwa. Poa. Lakini leo tunakupea stori ya msee mmoja wa kilemba aliyeshikwa na wakoloni wiki mbili tu baada ya Labour Day ya 1950, akapelekwa mbali, na hakurudi kwake mpaka 1961. Anaitwa Makhan Singh.

Vitabu vya shule vikimtaja, ni mistari miwili: alipanga vyama vya wafanyakazi, akadai uhuru, basi. Sisi leo tunapitia mlango wa nyuma, tunaingia ndani ya nyumba yake. Huko ndiko utaona huyu jamaa alitolea wapi roho ngumu, na ni akina nani walilipa bei pamoja na yeye.

Mtoi wa fundi

Makhan alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 kwa kijiji kinaitwa Gharjakh, karibu na mji wa Gujranwala huko Punjab. Wakati huo ilikuwa India ya Mwingereza, saa hii ni Pakistan. Buda yake, Sudh Singh, alikuwa fundi wa mbao. 1920 mzee akafunga mizigo, akaja Kenya kutafuta riziki kwa reli. Kijana akabaki ushago na mathe wake, Isher Kaur.

Hiyo stori unaijua, ama sio? Buda ako Nairobi, pesa inatumwa, mtoi anakua akimjua babake kwa barua. Ni vile tu hapa ushago ilikuwa ng'ambo ya bahari. Miaka 7 ikapita hivyo. 1927 ndio mama na kijana walipanda meli wakamfuata mzee. Makhan alikuwa na miaka 13.

Alisomea shule ya serikali ya watoto wa Kihindi, ile leo unaijua kama Jamhuri High School. Alikuwa kichwa, na alikuwa anaandika mashairi kwa Kipunjabi. 1931 akapita mtihani wa mwisho. Chuo kikuu alikitamani, lakini doo haikuwepo. Akafanya kile vijana wengi hufanya mambo yakikwama: akaingia kwa biashara ya buda.

Nyumba ya Kalasinga inaendeshwa aje?

Kwanza jina. Kalasinga linasemekana lilitoka kwa Kala Singh, mfanyabiashara wa zamani, na Wakenya wakaliwekea jamii nzima. Wenyewe ni Masikh. Mwanaume hubeba jina Singh, mwanamke Kaur, kwa hivyo usione Singh wawili ukadhani ni mabro. Nywele hazikatwi, na mwanaume anavaa kilemba. Mtoto hufundishwa hiyo mambo akiwa mdogo, na nywele zake huchanwa na kufungwa na mamake kila asubuhi kabla ya shule.

Sasa malezi. Kwa nyumba nyingi za Kisikh za Nairobi ya enzi hizo, mtoto hakulelewa na watu wawili tu. Bibi akiolewa anahamia kwa wazazi wa bwanake. So ndani ya keja moja unapata shosho, guka, ba mdogo na bibi yake, na watoi wa kila mtu wanakula sahani zinazofanana. Mkubwa yeyote anaweza kukukanya, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Ukifanya ujinga mtaani saa tisa, saa kumi mathe ameshaambiwa.

Ubaguzi wa mkoloni nao ulikaza hiyo kamba. Nairobi iligawanywa kwa rangi: Mwafrika alisukumwa Eastlands, Mhindi akakaa sehemu kama Ngara, Pangani na Parklands, na Mzungu akachukua pale juu kwenye hewa safi. Kwa hivyo jirani wako, mwalimu wako, fundi wako na msee mnayesali naye walikuwa ni watu wale wale.

Halafu kuna gurdwara, yaani hekalu. Kama umewahi kwenda Coast kwa barabara, labda mlisimama Makindu mkakula chapati na dengu za bure kwa Kalasinga. Hiyo gurdwara ilijengwa 1926 na Masikh waliokuwa wakifanya kazi ya reli. Hicho chakula kinaitwa langar, na ndicho shule ya kwanza ya mtoto wa Kisikh. Anapewa kazi ya kugawa chapati, kubeba maji, kuosha vyombo, kupanga viatu vya wageni. Wote mnakaa chini kwa mstari mmoja, tajiri na fundi, na mnakula kitu kimoja. Mtoto anaambiwa mambo matatu: mkumbuke Mungu, kula jasho lako, gawa ulichonacho.

Makhan alikula kwa huo mstari akiwa mdogo. Tofauti yake na wengi ni kwamba alipotoka nje ya gurdwara na kuona mstari umevunjwa, hakunyamaza.

Buda naye hakuwa wa kukaa kimya

Usidhani alianza siasa kutoka hewani. Sudh Singh mwenyewe alikuwa kwenye chama cha mafundi wa reli mapema miaka ya 1920. Halafu akaacha reli, akafungua biashara ya kuchapisha, Punjab Printing Press. Hapo ndipo Makhan aliingia baada ya shule, akapanga herufi na kushika wino.

Machi 1935, akiwa na miaka 21, wafanyakazi wa Kihindi walimchagua awe katibu wa chama chao. Mwezi uliofuata chama kikabadilishwa jina kikawa Labour Trade Union of Kenya, na mlango ukafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Leo unaona ni kawaida. Wakati huo, ambapo hata vyoo vilikuwa na rangi, ilikuwa noma. Karatasi za kuita watu mikutano zilitoka kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo.

1937 ikaja mgomo wa siku 62 Nairobi. Wafanyakazi walishinda, wakaongezewa mshahara. Lakini hapa ndipo stori inaingia nyumbani: mabosi wengi waliogomewa hawakuwa Wazungu. Walikuwa makontrakta wa Kihindi, na kati yao Masikh wenzake. Hebu fikiria. Jumatatu unamgomea mtu, Jumapili uko chini na yeye kwa langar, mathe wako na bibi yake wanapika kwa jiko moja. Kwa jamii ndogo hivyo, ugomvi wa kazini haubaki kazini. Unakufuata kwa harusi, kwa matanga, na kwa posa ya dadako.

Kushikwa mara ya kwanza

Mwisho wa 1939 alienda India. Mei 1940 Mwingereza akamshika huko kwa sababu ya siasa zake za kikomunisti. Hakufikishwa kortini. Alikaa ndani, halafu akafungiwa kwa kijiji chake cha Gharjakh, asitoke, mpaka Januari 1945. Alipoachiliwa alifanya kazi kwa gazeti la wakomunisti wa Punjab, na Agosti 1947 akarudi Kenya. Ni mwezi ule ule India ilipata uhuru na kugawanywa vipande viwili. Mpaka ulikata Punjab katikati, na Gharjakh ikaangukia upande wa Pakistan. Ushago kwake hakukuwa na kurudi tena kama zamani. Nyumbani sasa ilikuwa Nairobi.

Serikali ya hapa haikumtaka. Ilijaribu kumfukuza nchini, kesi zikaenda kortini, akabaki. Mei 1949 yeye na Fred Kubai wakaunganisha vyama vya wafanyakazi kuwa East African Trade Union Congress. Halafu tarehe 23 Aprili 1950, kwa ukumbi wa Kaloleni, ule ule ambao bado uko hapo Eastlands, Makhan alisimama mbele ya mkutano wa Waafrika na Wahindi akataka Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili, na ipewe sasa. Wengi wakati huo waliogopa hata kunong'ona hiyo kitu.

Tarehe 15 Mei, karao wakamkujia yeye na Kubai. Nairobi ikagoma. Makhan akapelekwa kortini Nyeri, akitetewa na Chanan Singh, Kalasinga mwenzake ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa High Court. Korti haikusaidia. Akaitwa mtu asiyetakikana, na Juni akatupwa Lokitaung.

Nyumba bila buda

Fungua ramani ya simu yako utafute Lokitaung. Iko juu kabisa Turkana, zaidi ya kilomita 700 kutoka Nairobi. Leo na lami bado ni safari ya kuumiza mgongo. Baadaye alihamishwa Maralal, halafu Dol Dol, Laikipia. Jumla ni miaka 11 na zaidi.

Nairobi alibaki bibi yake, Satwant Kaur, na watoto watatu.

Piga hesabu. Mtoi akiwa na miaka 5 siku buda anashikwa, ana miaka 16 siku anarudi. Meno ya kwanza yameng'oka, shule imeanza, kilemba cha kwanza kimefungwa, sauti imevunjika, na buda hayuko. Na hakuwa amehukumiwa miaka fulani uweke alama kwa kalenda. Hakuna aliyejua ni lini. Mtu wa jela ana tarehe ya kutoka. Yeye hakuwa nayo.

Hapo ndipo unaona kazi ya ile nyumba ya watu wengi. Jamii iliyoshikamana inaweza kukunyima hewa ukiwa kijana, kila mtu anajua mambo yako. Lakini mzazi mmoja akiondolewa, mtoto haanguki chini moja kwa moja, kwa sababu mikono ya kumshika iko. Gurdwara iko, sahani iko. Hata hivyo tusidanganyane: mikono ya watu haimalizi pengo. Kuna mambo mtoto anataka kwa babake, si kwa amu yake. Na kuna usiku mama analala peke yake na hiyo mawazo yote, halafu asubuhi anaamka kuchana nywele za watoto waende shule.

Na jamii yenyewe ilikuwa imegawanyika. Wapo walioona Makhan ni shujaa. Wapo pia, hasa wenye mali, waliomwona anawaharibia na serikali. Familia yake ilibidi iishi kati ya hao wote, mtaa mmoja, hekalu moja.

Sasa sikia hii. Mkoloni alimpa njia ya kutoka: akubali kuondoka Kenya aende India, aachiliwe. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu, achukue bibi na watoi, maisha iendelee. Alikataa. Hapa ndipo sisi na wewe tunaweza bishana mpaka usiku. Kuna mwenye atasema alichagua nchi akaacha watoto wake. Kuna mwenye atasema angekubali, angewafundisha watoto wake kwamba nyumbani ni pale serikali inakuruhusu kukaa. Sisi tunaona yote mawili ni kweli, na ndio maana hiyo ndiyo ilikuwa kesi ngumu kuliko ile ya Nyeri. Kwa kortini aliulizwa kuhusu yeye. Kwa hii aliulizwa kuhusu wao.

Kurudi

Aliachiliwa Oktoba 1961, miezi miwili baada ya Kenyatta. Alikuwa karibu kufikisha miaka 48. Akajiunga na KANU, na uhuru ukaja 1963. Utadhani sasa ndio alipewa cheo, gari na bendera. Wapi. Hakuwahi kuwa waziri, hakuwahi kuwa mbunge. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeshapata wakubwa wengine.

Yeye akarudi kwa kile buda yake alimfundisha: karatasi. Alikuwa ameweka barua, matangazo, kumbukumbu za mikutano, kila kitu. 1969 akatoa kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya mpaka 1952. Karatasi zake leo ziko kwa hifadhi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mtu yeyote anayeandika juu ya mfanyakazi wa Kenya lazima azipitie.

Tarehe 18 Mei 1973 moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 59. Toa ile miaka ya kufungiwa India na Kenya, na utaona muda aliokaa mezani na watoto wake ulikuwa mdogo sana.

Kwa hivyo Labour Day ijayo ukiwa umelala, mkumbuke Makhan Singh. Lakini ukimtaja, mtaje pamoja na Sudh Singh aliyempa mashine ya kuchapisha, Isher Kaur aliyemlea peke yake miaka 7 kule Gharjakh, na Satwant Kaur aliyebaki Nairobi na watoto watatu kwa miaka 11. Na kama kwenu kuna mathe ama shosho aliyeshikilia nyumba buda akiwa mbali, kwa kazi, kwa jela ama kwa siasa, mpigie simu leo umuulize ilikuwa aje. Wengi hawajawahi kuulizwa.