Rangeela: Mchora mabango aliyeiteka sinema ya Pakistan kwa kicheko

MCHEKESHAJI hodari huangusha watu kwa kicheko hata kabla hajafungua kinywa. Hiyo ndiyo baraka ya kazi yake, na ndiyo minyororo yake pia, kwani siku atakapotaka kusema jambo zito, watu wale wale watadhani bado anatania.

Ni wasanii wachache waliopambana na minyororo hiyo kama Muhammad Saeed Khan, mwigizaji ambaye mamilioni ya watu nchini Pakistan walimfahamu kwa jina moja tu, Rangeela.

Alizaliwa mnamo 1937 katika jamii ya Wapashtun huko Parachinar, mji ulio milimani karibu na mpaka wa Afghanistan. Wakati huo eneo hilo lilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza, na Pakistan ilizaliwa miaka 10 baadaye, mnamo 1947.

Akiwa bado kijana alishika njia hadi Lahore, mji uliokuwa kitovu cha sinema nchini humo. Hakuwa na jamaa wa kumshika mkono katika tasnia hiyo, wala hakuwa na sura ambayo watayarishaji waliitafuta walipohitaji shujaa wa kupendwa na mabinti. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora na mwili alioujenga kwa mazoezi ya kutunisha misuli.

Mkono huo ndio uliomlisha. Alichora mabango makubwa ya filamu, yale yaliyotundikwa nje ya kumbi za sinema yakiwa na nyuso za waigizaji mashuhuri. Kwa hivyo alizifahamu nyuso za majagina hao kabla hawajamfahamu yeye. Hata jina la Rangeela, ambalo hubeba maana ya mtu wa rangi na uchangamfu, lilimkaa barabara.

Inasimuliwa kuwa alipata nafasi ya kuigiza pale mwelekezi mmoja alipohitaji mtu wa kuziba pengo la mwigizaji mwingine. Filamu yake ya kwanza ilikuwa Jatti ya mwaka 1958, iliyotolewa kwa Kipunjabi na kuelekezwa na M. J. Rana. Katika muongo uliofuata alionekana katika filamu moja baada ya nyingine, za Kipunjabi na za Kiurdu, akipewa sehemu ndogo za kuwapumzisha watazamaji baada ya vilio na mapigano.

Rangeela hakuridhika na sehemu hizo. Mnamo 1969 alielekeza filamu ya Diya Aur Toofan, na humo humo akaimba wimbo uliopendwa mno. Mwaka uliofuata alitoa filamu iliyobeba jina lake mwenyewe, Rangeela, yeye akiwa ndiye mhusika mkuu. Kisha mnamo 1971 ikaja Dil Aur Duniya, iliyompa ufanisi mkubwa zaidi.

Hilo halikuwa jambo dogo. Katika sinema za bara Hindi za enzi hiyo, mchekeshaji alikuwa kama chumvi. Alihitajika katika kila chungu, ila hakuna aliyemwandalia sahani yake peke yake. Rangeela aliupindua utaratibu huo. Watazamaji walianza kununua tikiti kwa sababu yake, na akawa mwigizaji, mwelekezi, mtayarishaji na mwimbaji kwa wakati mmoja.

Mwaka wa 1973 ndio uliompima. Akiwa kileleni, aliamua kuelekeza na kuigiza filamu ya Kubra Ashiq, iliyotokana na riwaya ya mwandishi Mfaransa Victor Hugo kuhusu mpiga kengele mwenye kibyongo katika kanisa la Notre-Dame, Paris. Ilikuwa hadithi ya mtu anayedhihakiwa kwa sababu ya umbo lake ilhali moyo wake umejaa mapenzi.

Si vigumu kuona kilichomvutia mtu ambaye riziki yake ilitokana na kuchekwa. Hata hivyo, watazamaji waliomzoea akiwavunja mbavu hawakutaka kumwona akilia. Filamu hiyo iliambulia patupu, na hasara ikamwangukia yeye.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo aliigiza katika Insaan Aur Gadha, filamu iliyoelekezwa na Syed Kamal. Humo Rangeela alikuwa punda aliyechoshwa na mizigo na mateso, akamwomba Mungu amgeuze binadamu. Ombi lake linakubaliwa, lakini anapoishi miongoni mwa watu na kuona uongo na ukatili wao, anatamani kurudi kuwa punda.

Watu walicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na mwiba ndani yake. Yale aliyotaka kuyasema kupitia machozi ya mwenye kibyongo, kwamba binadamu huwatendea unyama wanyonge, aliyasema kupitia punda na yakasikika. Funzo hilo lilikuwa ghali, kwa maana alikuwa amelilipia kwa fedha zake.

Miaka hiyo pia alishirikiana na mchekeshaji mwenzake Munawar Zarif, na umaarufu wao ulikuwa mkubwa kiasi kwamba filamu moja ya 1973 iliitwa kwa majina yao wawili. Zarif alifariki mnamo Aprili 1976 kabla ya kutimiza umri wa miaka 40, na sinema ya Kipunjabi ikapoteza nguzo.

Mnamo 1979 Rangeela alielekeza Aurat Raj, kazi iliyodhihirisha kwamba funzo la punda lilikuwa limemwingia. Katika filamu hiyo wanawake waliochoshwa na dhuluma za waume zao wanatwaa mamlaka ya nchi, nao wanaume wanageuzwa wakaonja maisha ya mwanamke. Waigizaji waliosifika kwa ubabe kama vile Sultan Rahi walisikika wakizungumza kwa sauti za kike.

Filamu hiyo ilitolewa wakati wa utawala wa kijeshi wa Jenerali Zia ul-Haq, mwaka ule ule ambapo serikali yake ilitangaza sheria za Hudood, zilizopingwa vikali na watetezi wa haki za wanawake. Haikufanya vyema sokoni, lakini baada ya miaka mingi wapenzi wa sinema waliirejelea na kuitambua kuwa kazi ya kijasiri.

Baadaye sinema ya Lahore iligeukia filamu za visasi na umwagaji damu, na kumbi nyingi zikafungwa. Rangeela aliendelea kuigiza, ingawa hakuirejelea tena hadhi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alituzwa mara kadhaa katika Tuzo za Nigar, na serikali ikamtunukia nishani ya Pride of Performance.

Aliaga dunia mjini Lahore mnamo Mei 24, 2005, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Alikuwa na umri wa miaka 68.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa Rangeela methali hiyo iligeuka. Sura iliyochekwa ilificha msanii aliyeona mbali, na watazamaji wake walichelewa kulitambua hilo kwa sababu walikuwa wameshikilia mbavu zao.