Baba Mdogo Alfred na Mirathi Yake

Safari hii nimeona tuongelee mtu ambaye jina lake tunalisikia kila ifikapo tarehe 10 Desemba, pale watu wa Stockholm wanapovaa suti na magauni marefu kwenda Konserthuset kutoa zawadi, halafu Stadshuset kula. Alfred Nobel wengi tunamjua kwa hizo zawadi. Wachache tunakumbuka kwamba zile hela ni mirathi, na kwamba kulikuwa na ndugu waliozisubiri wakazikosa. Kwa kuwa suala la nani arithi nini linatugusa sana sisi tulio mbali na nyumbani, hasa mzee anapoanza kuumwa, naona maisha ya huyu bwana yanafaa kusimuliwa kwa upande huo.

Mtoto wa mzee aliyefilisika

Alfred alizaliwa hapa hapa Stockholm, mtaa wa Norrlandsgatan, tarehe 21 Oktoba 1833. Baba yake, Immanuel, alikuwa fundi na mbunifu mwenye mawazo mengi na hela chache. Mwaka huo huo aliozaliwa Alfred, mzee alifilisika. Mwaka 1837 akaondoka kwenda Ufini, kisha Urusi, kutafuta maisha. Hadithi hii si ngeni kwetu: baba kaenda mbali, mama kabaki na watoto. Mama yao, Andriette, alifungua kaduka kadogo ka maziwa na mboga, na hako ndiko kalikowalisha.

Mwaka 1842 familia ikamfuata mzee St. Petersburg. Kule mambo yalikuwa yamemnyookea, akitengeneza mabomu ya kutega baharini kwa ajili ya jeshi la Urusi, na baadaye yalitumika katika vita vya Crimea. Sasa angalieni alichofanya na zile hela. Aliwaajiri walimu wa kuwafundisha wanawe nyumbani. Alfred hakuwahi kuchukua digrii ya chuo kikuu chochote, lakini akiwa na miaka 17 alikuwa anazungumza Kiswidi, Kirusi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Mwaka 1850 mzee akampeleka nje kujifunza zaidi. Huko Paris, katika maabara ya kemia, akapata habari za nitrogliserini, kimiminika kilichogunduliwa na Mwitalia Ascanio Sobrero, chenye nguvu ya kutisha na kinacholipuka bila kupiga hodi.

Vita viliisha 1856, serikali ya Urusi ikaacha kuagiza mali, na 1859 mzee akafilisika tena. Mara ya pili! Kwa hiyo ukiuliza Alfred na kaka zake Robert na Ludvig walirithi nini kwa baba yao, jibu ni kwamba cha kuhesabu hakikuwepo. Walichokuwa nacho ni lugha, kemia na kazi ya karakana, na hivyo walikwisha kupewa kabla mzee hajaanguka.

Heleneborg

Mwaka 1863 Alfred alirudi Stockholm, akaungana na mzee kufanya majaribio ya nitrogliserini pale Heleneborg, upande wa Södermalm. Tarehe 3 Septemba 1864 karakana ililipuka. Watu kadhaa walikufa, na mmoja wao alikuwa Emil, mdogo wake Alfred, kijana wa miaka 20. Haukupita muda mrefu mzee akapigwa na kiharusi, na afya yake ya zamani haikurudi tena. Alifariki mwaka 1872, tarehe 3 Septemba, siku ile ile aliyofia mwanawe.

Mji ukapiga marufuku majaribio hayo ndani ya mipaka yake, Alfred akahamishia kazi kwenye tishali katika ziwa Mälaren. Sisi wa uhandisi tunaliheshimu sana wazo alilolipata baadaye: alichanganya kile kimiminika na aina ya udongo mwepesi unaonyonya, kikawa kitu kama donge unaloweza kulisokota, kulisafirisha na kulilipua pale tu unapotaka. Akakiita dinamiti, akakisajili 1867. Reli, mahandaki na migodi ya dunia ikapasuliwa kwa baruti hiyo. Akatengeneza pia baruti za vita, hilo tusilifiche. Mpaka anakufa alikuwa na hataza 355, na viwanda katika nchi nyingi. Kaka zake nao walikuwa wamejenga kampuni kubwa ya mafuta huko Baku, na Alfred alikuwa na hisa zake humo.

Alikuwa baba mdogo

Watu husema Nobel aliweza kugawa mali yake kwa sababu hakuoa na hakuwa na mtoto. Kwa hesabu ya Kizungu ni kweli. Kwa hesabu yetu jamani, huyu mtu alikuwa na watoto tele. Robert na Ludvig walikuwa kaka zake wakubwa, kwa hiyo kwa watoto wao Alfred alikuwa baba mdogo kabisa. Ludvig alifariki 1888, Robert 1896. Watoto wao wakabaki na baba mdogo mmoja, tajiri, mgonjwa wa moyo, anayeishi peke yake Paris na baadaye San Remo, Italia. Hapo nani asingepiga hesabu?

Mwenyewe msimamo wake aliuweka wazi. Aliona urithi mkubwa ni balaa linalolemaza akili za anayeupokea. Hata mwenye watoto, kwa maoni yake, awape kinachotosha elimu yao, na zaidi ya hapo ni kuwazawadia uvivu. Na hakuyasema kwa ajili ya wengine tu. Mama yake alipofariki 1889, sehemu ya urithi uliomfikia aliitoa kwa Karolinska, chuo cha udaktari cha hapa Stockholm, ukaanzishwa mfuko wa utafiti wenye jina la mama.

Wosia wake wa mwisho aliusaini Paris tarehe 27 Novemba 1895, mbele ya mashahidi wanne. Aliuandika mwenyewe bila mwanasheria. Watoto wa kaka hakuwasahau. Wana wawili wa Robert walipewa kronor 200,000 kila mmoja, na mabinti wawili wa Robert 100,000 kila mmoja. Emanuel, mtoto mkubwa wa Ludvig, alipewa 300,000, na dada yake Mina 100,000. Jumla milioni moja. Baadhi ya watumishi wake nao aliwawekea posho ya kila mwaka, mpaka aliyekuwa mtunza bustani wake zamani. Kilichobaki, zaidi ya milioni 31, alitaka kiwekezwe, na faida yake itolewe kila mwaka kwa waliowafaidia binadamu zaidi katika fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani.

Hebu tuupeleke wosia huo kwetu. Angekuwa mzee wa Unguja au Mombasa, mirathi yake ikifuata sheria ya Kiislamu, wosia huo ungegusa theluthi moja tu ya mali, labda warithi wenyewe waridhie zaidi. Na hapa Sweden ya leo, angekuwa na mtoto wa kumzaa, mtoto huyo angeweza kudai nusu ya fungu lake la kisheria hata kama baba kaandika vingine. Wanaita laglott. Maana yake ni kwamba hata Waswidi, tunaodhani kila mtu kwao na maisha yake, hawakumwachia mzazi uhuru wote.

Ugomvi

Nobel alifariki San Remo tarehe 10 Desemba 1896, akiwa na watumishi tu. Wosia ulipofunguliwa mambo yakawa moto. Kwanza, aliyeteuliwa kuwa mmoja wa wasimamizi wawili wa mirathi, Ragnar Sohlman, msaidizi wake wa miaka 26, hakuwa na habari kwamba kateuliwa. Pili, vyuo vilivyotakiwa kutoa zawadi havikuwa vimeulizwa. Tatu, haikujulikana marehemu alihesabiwa mkazi wa wapi, Ufaransa au Sweden, na kwa hiyo mahakama ipi iamue. Upande wa Robert ukaamua kupinga. Sohlman akawa anazitoa hati za hisa benki kule Paris, anazisafirisha kwa gari la farasi, bastola mkononi, kuzipeleka kwa konseli wa Sweden ili zitumwe nje ya Ufaransa kabla ndugu hawajazizuia.

Mtu wa kukumbukwa hapa ni Emanuel. Yeye ndiye aliyekuwa anaongoza kampuni ya Baku, na hisa za baba mdogo zikiuzwa ovyo kampuni ingetikisika. Tena alikuwa kaka mkubwa, na wadogo zake wengine hawakutajwa kabisa kwenye wosia. Mwanzoni mwa 1898 Mfalme Oscar II alimwita, akamshauri aupinge, kwani Mfalme hakupenda hela za Mswidi ziende kwa wageni, na zawadi ya amani itolewe na bunge la Norwe. Alimkumbusha pia haki za wadogo zake. Emanuel alikataa. Hakutaka kesho na keshokutwa ndugu zake waje kulaumiwa na wanasayansi kwamba walikula kisicho chao. Alimweleza pia Sohlman kwamba kwa Kirusi msimamizi wa mirathi huitwa msemaji wa roho ya marehemu, hivyo afanye kazi yake akilijua hilo. Na sisi tunaye wasii, tunajua uzito wake.

Mwezi Juni 1898 upande wa Robert nao ulikubali kupatana, baada ya kupewa faida ya mwaka mmoja na nusu ya ile mali. Taasisi ya Nobel ikaundwa 1900, zawadi za kwanza zikatolewa tarehe 10 Desemba 1901.

Na sisi je?

Nimeyaandika haya kwa sababu wengi wetu tuko hapa kwa mali ya wazee. Tangu 2011 mwanafunzi anayetoka nje ya Ulaya analipa ada Sweden, na asiye na ufadhili ana lazima ya kuzipata hizo hela mahali. Kwangu mimi mzee aliuza kiwanja. Nina wadogo watatu, na kile kiwanja kilikuwa chetu sote, hata kama hati ina jina la baba. Waswidi wana neno kwa jambo kama hili, förskott på arv, yaani malimbuko ya urithi: alichokupa mzazi akiwa hai huhesabiwa kuwa sehemu ya fungu lako. Sheria yao ina taratibu zake, lakini wazo lenyewe ni la haki. Nimeshawaambia wadogo zangu kwamba fungu langu nimelila, nalila mpaka leo hapa Stockholm kila ninapoingia darasani. Kilichobaki nyumbani ni chao na cha wazee.

Sisemi kila mzazi afanye kama Nobel. Mali yake aliichuma mwenyewe. Kihamba cha Uchagani au shamba la ukoo si la baba peke yake, kalipokea kwa babu na anatakiwa alipitishe. Hapo mtoto akitarajia, hana kosa. Lakini nyumba aliyoijenga mzee kwa mshahara wake, au akiba yake ya uzeeni, ni jasho lake. Akitaka kuiuza ajitibie, au ampe mjane wa jirani, sisi wenye digrii mbili tunanung'unika nini?

Ila Nobel naye ana somo kwa wazee. Msimamo wake ulikuwa mzuri, lakini wosia aliuacha umefungwa. Angekaa na akina Emanuel akawaambia kinagaubaga, angeviuliza vyuo mapema, pengine ndugu wasingegombana mwaka mzima na nusu. Mtoto anaweza asidai mali, lakini ana haki ya kusomeshwa, na ana haki ya kuambiwa ukweli mzazi angali hai.

Kuna jambo lingine la kufurahisha. Milioni zile walizozikosa watoto wa Robert zimefika mpaka kwetu. Wangari Maathai wa Kenya alipata zawadi ya amani 2004, Daktari Denis Mukwege wa Bukavu 2018, na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ya fasihi 2021. Alfred hakuwahi kuwaza Nyeri wala Bukavu, lakini baba mdogo huyu kawarithisha na watu wa huko.

Basi ndugu zangu, likizo hii mkipiga simu nyumbani, baada ya salamu muulizeni mzee anataka mambo yake yaweje. Msimuulize mtapata nini. Muulizeni anataka nini yeye, na ombeni wadogo zenu wawepo wakati anajibu.

Masomo mema, na vaeni vizuri.