Audrey Hepburn, Sœur Luc wa Boyoma

Mwaka 1958 mji wetu, wakati ule Stanleyville, ulimpokea mcheza sinema Audrey Hepburn. Alizaliwa Bruxelles mwaka 1929, vita ilimkuta Uholanzi, njaa aliijua. Huku alikuja kucheza Sœur Luc, mtawa muuguzi, katika filamu ya Fred Zinnemann, Au risque de se perdre, iliyotoka 1959.

Mwanaume anaweza kweli kuonyesha nguvu ya mwanamke? Sisi tunasema ndiyo, lakini nusu. Hadithi ilitoka kwa Marie Louise Habets, Mbelgiji aliyeuguza watu Kongo; iliandikwa na mwanamke, Kathryn Hulme. Audrey alienda kwa Habets kujifunza. Zinnemann naye alijua kunyamaza: mwishoni mtawa anavua kanzu, anafungua mlango, anaenda zake bila muziki. Juu muziki wa furaha ungempongeza, wa huzuni ungemhukumu. Uamuzi ulibaki wake.

Lakini mama zetu wa Boyoma? Wanapita paka nyuma ya picha.

Mwaka 1959 Audrey alianguka na farasi. Habets huyohuyo akamuuguza. Alifariki Uswisi tarehe 20 Januari 1993, miezi michache tu baada ya kufika Somalia kwa watoto wenye njaa.